Mifongo na barabara za kijijini kwetu kwenye picha za zamani: tupeane uzoefu

Mwana Korongo:
Wakuu, habari za jioni. Nipo nyumbani Kibosho tangu tulipomzika mama mkubwa. Matanga yalipokwisha nikapewa sanduku lake la bati lenye picha. Kuna moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, imenikosesha usingizi. Barabara ya vumbi inapanda, migomba huku na huku, wanaume kumi na mmoja wameshika majembe. Mbele yao gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi limelazwa kuvuka mtaro wa barabara, na maji yanapita ndani yake. Nyuma ameandika kwa penseli: "Msaragambo wa mfongo, 1964". Msaragambo ni kazi ya pamoja ya wanakijiji.

Barabara ile nimeipita miaka saba ya shule ya msingi bila kujua kwamba kuna mfongo uliovuka pale. Nikaenda na picha mkononi, nikatafuta jiwe kubwa linaloonekana kwenye kona, nikasimama aliposimama mpiga picha. Nilipofyeka magugu nikauona: mfereji mkavu, upana wa hatua moja, umejaa majani ya mibuni, unaambaa ubavu wa kilima kuelekea korongoni.

Kwa wasioujua, mfongo ni mfereji wa asili wa Uchaggani. Banio linajengwa juu huko, karibu na msitu, kwa mawe, matawi na udongo. Maji yanaletwa kwa mteremko mdogo mno mpaka yanakaa mgongoni mwa kilima, kisha yanashushwa vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kwa zamu. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo, ukipungua, yanatuama. Wazee walipatia kwa jicho na jembe. Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884 aliikuta mifereji hii ikifanya kazi, akaiandika.

Nawaomba sana: mwenye picha ya barabara ya kijijini kwao, mfongo, kisima au bwawa la zamani, atueleze ni wapi, mwaka gani, na nani yumo.

Mjukuu wa Meku:
Pole kwa msiba, mkuu. Mimi wa Marangu. Sisi hatuna picha ya mfongo hata moja, tunazo za ubatizo na harusi tu, na hilo linaniuma. Ila kwenye picha ya kipaimara cha shangazi, ya 1971, nyuma ya watu unaonekana mfongo ukipita pembeni ya barabara, na mtoto amechuchumaa ananawa miguu. Nimeikuza kwenye simu mpaka ikawa madoadoa.

Ninachokumbuka ni zamu ya usiku. Babu alikuwa ananiamsha saa tisa, tunakwenda na kurunzi hadi mfongo ulipogawanyika. Upande wa jirani unaziba kwa kipande cha mgomba na mabonge ya udongo wenye majani, upande wako unafungua. Halafu unakimbia kuwahi maji kihambani, unayasikia yanakuja kabla hujayaona, yanasukuma majani makavu. Mwenye kuiba zamu alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na wazee.

Barabara ya Juu:
Picha imetuokoa kwetu. Mkandarasi alipanua barabara ya kijiji, greda likamwaga kifusi juu ya mfongo, na kalvati halikuwekwa. Nyumba kadhaa za chini zikakosa maji ya migomba na mboga msimu mzima. Tulipolalamika tukaambiwa hapo hapakuwahi kuwa na mfereji. Baba mdogo akaleta picha aliyopiga 1989 akiwa na baiskeli mpya. Anajivunia baiskeli, lakini chini ya tairi la nyuma mfongo unaonekana waziwazi ukiingia kwenye bomba la zege. Kikao cha pili kalvati likawekwa. Wakuu, pigeni picha kabla greda halijafika!

Mpare wa Same:
Kwetu milimani Upareni ni ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji. Kijito ni chembamba, ukikiachia kiende shambani moja kwa moja kinamezwa na ardhi njiani. Kwa hiyo maji yanalazwa kwenye ndiva usiku kucha, asubuhi tundu linazibuliwa na yanatoka kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Ninazo picha mbili za ndiva yetu: moja kingo ni udongo na nyasi, nyingine imejengewa saruji. Njia ya miguu inayopita juu ya ukingo ni ileile, hata pinda lake. Mama yangu yumo kwenye zote mbili.

Binti wa Kerio:
Hamjambo. Mimi ni Mmarakwet, nyumbani ni upande wa Tot, bonde la Kerio, Kenya. Mifereji yetu inashuka kwenye ukuta wa bonde, na penye mwamba inabebwa juu ya magogo, mawe na matawi yaliyosukwa. Kwa mila yetu, kazi ya mfereji ni ya wanaume wa ukoo. Nimekula mtama na ndizi za maji yale maisha yangu yote na sijawahi kufika juu. Mwaka jana kakangu alipanda na simu akanipigia picha tangu chanzo hadi barabarani. Nilimwonyesha nyanya. Alikaa nazo muda mrefu, akawa ananiuliza kila mahali panaitwaje, kisha akaanza kuniambia yeye mwenyewe, kwa sababu majina aliyajua yote kwa kusikia tu.

Mwana Korongo:
Binti wa Kerio, asante sana dada, nimeyasoma maneno yako mara tatu. Leo asubuhi nimeipeleka picha yangu kwa mzee mmoja wa hapa. Hakuivalia hata miwani, alianza na gogo. Anasema lilikuwa la mringaringa, na aliyelichonga ni yule wa tatu kutoka kushoto, mwenye kofia. Tumepata majina saba. Wanne bado. Jumapili baada ya ibada naipeleka kwa mabibi, kwani mzee anasema wao ndio waliopika siku ile.