Kijana wa mita kanirushia BUKU MBILI mbele ya wapangaji wangu. Hii mita janja niikubali au niitupe?

Mzee Bati Jekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Wale jamaa mnawajua. Siwataji, kwanza sina haja, kila mwenye nguzo nje ya nyumba anawajua. Leo mchana wametuma vijana wawili mtaani kwetu na ngazi na maboksi ya mita janja, nyumba kwa nyumba, "mzee tunabadilisha, utafurahi mwenyewe."

Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. LUKU yangu, hii mita ya kununua umeme kabla, ni ya zamani, rimoti yake 7 na 0 zimekufa, hazibonyezeki mpaka uzikandamize na mfuniko wa kalamu. 2024 tulipoambiwa mita zote zinabadilishiwa mfumo, tuingize tarakimu 20 mara tatu, 60 nzima, niliziingiza na hiyo 7 iliyokufa, mke wangu ananisomea kwa tochi ya simu, nikikosea moja naanza upya. Jasho lilitoka mpaka kwenye kope. Kwa hiyo leo nikasema poa, mita inayopokea uniti yenyewe bila kubonyeza kitu, nani ataikataa?

Nikauliza swali moja. MOJA. "Kijana, humu ndani nina uniti 41. Mkiing'oa hii, zinahamia kwenye mpya au zinaondoka nayo?"

Sasa sikilizeni. Kijana yuko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Akaitoa ile bisibisi. Akamwangalia mwenzake aliyeshika ngazi. Wakacheka. Halafu kwa sauti ya dalali wa mnada akasema: "Mzee, uniti 41 ndo zinakunyima usingizi? Subiri nikusaidie." Akatoa simu mfukoni, namba yangu si iko kwenye fomu, hukohuko juu, AKANIRUSHIA BUKU MBILI.

Simu ikalia. Mama Salma wa chumba cha uani yupo, na kodi yangu hajalipa. Yule wa bodaboda yupo. Mtoto wa jirani akanichungulia begani akasoma meseji kwa sauti, "umepokea shilingi elfu mbili", kama yuko kwenye mashindano ya kusoma shuleni. Buku mbili! Mimi! Mwenye nyumba!

Tena kwa tarifu yangu buku mbili ni uniti 5.6. Nimekwambia nina 41. Hata kama unamdharau mtu, piga hesabu basi.

Nimewafukuza. Mita ya zamani bado iko ukutani, mpya iko kwenye boksi sebuleni, wamesema watarudi kesho. Sasa naombeni ushauri. Nikiikubali, yule kijana ataamini ni buku mbili yake imenilainisha. Nikiikataa, nabaki na 7 yangu iliyokufa. Ila muelewe, hoja yangu si mita. Hoja yangu ni mtu kutoa simu JUU YA NGAZI na kunifanyia muamala.

Kipara wa Ubungo

Wa kwanza kufika. Swali la msingi mkuu: umeirudisha?

Dada Pilipili

Nimecheka mpaka bosi kaja kuuliza kuna nini. Aliyeniua ni huyo mtoto wa jirani.

Mjukuu wa Chifu

Hii chai. Fundi gani wa siku hizi ana buku mbili ya kugawa? Wale wa kwetu wao ndo wanaomba ya soda.

Mzee Bati Jekundu

Chai ni kwenu. Meseji ninayo, Mama Salma shahidi, na ngazi imeacha alama ukutani. Soda wangeniomba ningewapa, na andazi juu. Mimi sikuombwa, mimi NIMEPEWA. Mnaielewa tofauti?

Kipara wa Ubungo

Hujajibu.

Peku Hana Hofu

Picha ya mita tafadhali. Uzi bila picha haunogi.

Fundi Nyaya

Tuache utani kidogo, swali lake lilikuwa la maana kuliko mnavyodhani. Kwa LUKU hizi za kubonyeza, uniti ulizokwisha ingiza hazikai kwenye kompyuta ya ofisini, zinakaa humo humo ndani ya mita. Ikiondoka, salio linaondoka nayo hadi mtu akufidie. Kwa hiyo mzee, kesho kabla mtu hajagusa waya piga picha kioo kikionyesha salio, piga na namba ya mita ya zamani na ya mpya, wakuandikie kwenye fomu waliikuta na uniti ngapi na wasaini. Bila hiyo karatasi utazunguka madirishani hadi viatu viishe.

Na zile tarakimu 60 hazikuwa za kukukomoa. Mita za aina hiyo dunia nzima zinahesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndo umeme wenyewe. Usingeingiza, baada ya tarehe hiyo mita isingekubali tokeni yoyote, yaani namba 20 za umeme unaonunua.

Kuhusu mita janja: inaongea na ofisi yenyewe, ama kupitia waya wa umeme hadi kwenye transfoma, ama kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Ukilipa, uniti zinaingia ukiwa umelala. Mtandao wenyewe ukilala, umelipa na uko gizani, ndo maana mimi nawaambia watu waulize kama kuna njia ya kuingiza tokeni kwa mkono, wasikubali kuondokewa na rimoti hivi hivi. Na jambo ambalo hawalisemi mlangoni: mita hii wanaizima wakiwa wamekaa ofisini. Huoni gari, huoni ngazi, huna wa kumbembeleza. Ukiifungua kifuniko kuchungulia inakuchongea papo hapo. Kama una kishoka wako wa siku nyingi, mwambie atafute kazi nyingine.

Binafsi ningeikubali.

Mzee Bati Jekundu

Asante Fundi, umeongea kiutu uzima. Ila hilo la "huoni ngazi" umenigusa pabaya. Yaani angekuwa ofisini huko angenirushia ngapi?

Mhasibu Mstaafu

Mkuu usiidharau buku mbili. Ungekuwa kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100, weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (wadhibiti wa nishati) 1, inakuwa 122. Buku mbili inakupa uniti 16. Wewe uko kwenye 292, ukishapigwa hizo hizo inafika 356, ndo hiyo 5.6 yako. Na omba uwe ulishanunua umeme mwezi huu. Kama ni manunuzi ya kwanza, kodi ya jengo inatangulia kuchukua 1,500, unabaki na 500, sawa na uniti 1.4.

Mjukuu wa Chifu

Kwa hiyo kijana kamtukana kwa uniti 1.4. Hiyo ni dharau iliyokatwa kodi.

Bi Kidawa wa Ng'ambo

Nyie wa Bara mwalia na buku mbili? Sie huku Unguja tulikaa kiza tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima, ule waya wa chini ya bahari unaotoka kwenu uliharibika. Miezi mitatu! Maji hayapandi, barafu twagombania, harusi na jenereta. Na mwaka wa nyuma yake, 2008, tulishakaa mwezi mzima vile vile. Hapakuwa na mita janja wala mita mjinga, zote zilinyamaza ukutani. Na hakuna aliyeturushia hata mia.

Kipara wa Ubungo

Bibi pole, 2009 imeshapita. Mwanzisha uzi KARUDISHA AU HAJARUDISHA?

Bi Kidawa wa Ng'ambo

Imepita kwako wewe. Mie friji yangu ilikufa na samaki ndani.

Mkenya Mpole

Nyinyi wa TZ mko na raha hadi mnateta juu ya ngazi. Huku Nairobi token unanunua, stima imepotea mtaa mzima, unakaa unaangalia hizo namba 20 kwa simu kama picha ya mpenzi wako. Na sijawahi sikia fundi akitumia mteja pesa. Huyo wenu anaitwa nani? Tumwalike Kayole, tuko na maswali mengi ya kumuuliza.

Kaka Ughaibuni

Salaam wadau. Mimi niko Leicester. Uingereza hizi mita tunazo miaka mingi, walipanga nchi nzima iwe imemaliza 2020 na mpaka leo wanahangaika. Zile za toleo la kwanza ukihamia kampuni nyingine ya umeme zilikuwa zinapumbaa kabisa, unarudi kuchuchumaa kabatini kusoma namba mwenyewe na kuwatumia. Unapewa na kisanduku cha kuweka mezani kinaonyesha pesa inavyokwenda, ukiwasha birika kinageuka chekundu. Mke wangu alikitia kwenye droo, alisema hawezi kunywa chai anatazamwa.

Peku Hana Hofu

Tumekuuliza unaishi wapi?

Kaka Ughaibuni

Nachangia mada.

Peku Hana Hofu

Mada iko Bongo, juu ya ngazi.

Mzee Bati Jekundu

NDIYO. Angalau mmoja kaelewa. Mtu anashuka kwanza! Anashuka, anafuta mikono, anasema "mzee uniti zako ziko salama" au "mzee zimeliwa." Si kufungua simu kule juu kama anachuma embe. Halafu zile kelele za mtoto wa jirani zimeenea, sasa hivi nimepita dukani muuzaji kaniuliza, "mzee leo unalipa kwa ile ya mita?"

Dada Pilipili

Hahahaaa muuzaji apewe ulinzi.

Ila na mimi nitoe langu la moyoni. Nyie wenye nyumba msilie peke yenu. Ninapokaa vyumba sita, LUKU moja. Kila chumba elfu tano, usawa. Usawa gani? Mimi nina taa, feni na chaja. Wa chumba cha mbele ana friza mbili za barafu za ubuyu, zinanguruma usiku kucha, na analipa elfu tano ile ile. Uniti zikiisha saa tano usiku wote mnajifanya mmelala, anayeogopa giza ndo ananunua. Anayeogopa giza ni mimi.

Binti Saa Tano

Dada tunaishi nyumba moja? Kwetu kuna kaka anapika maharage kwa jiko la umeme. Maharage! Kuanzia asubuhi!

Mzee Bati Jekundu

Hapo dada zangu mnawaonea wenye nyumba. Wapangaji ndo nyie mnaochomeka vitu usiku kwa siri. Mama Salma ana jiko la wali, nalisikia linabofya, nikibisha hodi analifunika kanga. Ndo maana nataka hii mita, nione saa ngapi zinakwenda.

Mjukuu wa Chifu

Ahaaa! Kumbe wewe ndo wale.

Dada Pilipili

Ngoja ngoja. Mzee, ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU wanayochangia wapangaji, unawarudishia kwenye kodi ya chumba? Maana hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya Mama Salma.

Mzee Bati Jekundu

Tusitoke nje ya mada.

Dada Pilipili

Unawarudishia?

Kipara wa Ubungo

Huyu mtu hajawahi kurudisha kitu maishani mwake.

Binti Saa Tano

Nakazia. Nyumba yetu wanakata kila mwezi na kodi ya chumba imepanda juu. Ukiuliza unaambiwa "mita iko kwa jina langu." Sawa, na kodi ya jengo iko kwa jina la nani?

Fundi Nyaya

Suluhisho la vyumba sita ni kila chumba mita yake. Kama haiwezekani, wekeni mita ndogo ndani za kusomea, kila mtu alipe alichotumia. Msisubiri mita janja iwaamulie ugomvi, yenyewe inajua nyumba imetumia ngapi, haijui ni friza au ni feni.

Mhasibu Mstaafu

Friza mbili, kama ni za wastani na zinafunguliwa kila dakika kumi kuuza barafu, huyo hata elfu ishirini kwa mwezi bado mnamhonga.

Mama Barafu

Nimesoma uzi wote nimenyamaza. Si kila muuza barafu ni mwizi wa umeme. Mimi friza zangu nazizima saa sita usiku nazifunika blanketi, na LUKU nanunua zaidi ya wote pale nyumbani. Wenye feni ndo hamlali, mnachungulia.

Dada Pilipili

Mungu wangu. Chumba cha mbele?

Mama Barafu

Sijui unamzungumzia nani. Mimi niko Tabata.

Dada Pilipili

Na mimi niko Tabata.

Peku Hana Hofu

Nimevuta kiti. Mods msifunge uzi.

Kaka Ughaibuni

Huku barafu za ubuyu ningezipata wapi jamani.

Mkenya Mpole

Ubuyu kwa barafu? Hii nchi yenu mnafichia watu vitu.

Binti Saa Tano

Mama Barafu zipo za ukwaju? Na unaleta mpaka Segerea?

Mama Barafu

Ukwaju zipo, ubuyu zipo, maziwa mpaka kesho. Moja 200. Ukichukua kuanzia 50 naleta na boda, nauli tunagawana. Njoo inbox.