Baiskeli ya resi ya chuma imeachia kiungo nyuma, fundi anataka kuichomelea kwa umeme, nimruhusu?

Mkanyagaji wa Nkuhungu ameuliza:

Wakuu mbukwenyi. Naombeni msaada kwa wanaozijua baiskeli za resi za zamani, zile za fremu ya chuma na usukani uliojikunja chini kama pembe za kondoo dume. Ninayo moja ya mtumba, niliipata hapa hapa Dodoma mwaka jana kwa laki 2 na nusu, kwenye bomba la siti ina stika imechakaa imeandikwa Reynolds 531, gia 12 yaani mbili mbele sita nyuma, na vile vishikio vya kubadilishia gia viko kwenye bomba la chini. Natoka nayo Nkuhungu kwenda kazini Mtumba mji wa serikali siku tatu kwa wiki, kwenda na kurudi ni kilomita 40 na ushee, na niseme ukweli sijawahi kupanda kitu kinachotembea namna ile, ukishapita Ihumwa lami ikinyooka unasikia upepo na cheni tu.

Sasa wiki iliyopita narudi, nimefika usawa wa stendi ya Nanenane nikaanza kusikia kwi, kwi, kila nikikanyaga pedali ya kulia. Nikajua gololi za katikati, pale pedali zinapozungukia, zimeisha. Fundi kafungua zote, kazipaka grisi mpya, mlio uko pale pale. Ni mimi mwenyewe jioni nilipopangusa vumbi kwa kitambaa ndo nikaona ufa mwembamba kama unywele, pale lile bomba jembamba linaloshuka kutoka kwenye siti linapokutana na kipande kinachoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa cheni. Ukiminya kwa mkono unaona panafunguka na kujifunga.

Fundi anasema twende kwa jamaa wa mageti aichomelee kwa umeme, dakika tano imeisha, elfu 5. Ofisini wananiambia niipeleke kwenye chuma chakavu ninunue ya alumini. Naipenda hii baiskeli wakuu, sitaki kuiua kwa haraka yangu. Jingine, kile chuma cha siti kimegandia ndani ya bomba, hakipandi hakishuki. Nifanyeje?

Kijana wa Nzuguni:

Mkuu pole sana. Mimi ningekushauri uiache tu, barabara ya Morogoro ina malori ya kwenda Rwanda na Kongo usiku na mchana, fremu ikikukatikia mbele ya lori hatutakuwa na la kukusaidia. Chukua baiskeli ya milimani ya mtumba yenye tairi nene, utachelewa kidogo ila utafika.

Fundi Gesi Kizota:

Usimruhusu. Narudia tena mkuu, USIMRUHUSU huyo wa mageti asiisogelee kabisa, na wala usiipeleke chuma chakavu. Mimi kazi yangu ni gesi, naziba rejeta na mabomba ya friji huu mwaka wa 14, na baiskeli nimezilehemu nyingi tu kwa hiyo ngoja nikueleze polepole ili ukienda kwa fundi yeyote ujue unamwambia nini.

Hizo fremu za zamani nyingi hazikuchomelewa, zimelehemiwa. Bomba linachomekwa kwenye kikombe cha chuma, wanapasha moto halafu shaba inayeyuka inajipenyeza kwenye kile kinafasi chembamba kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, ikipoa imeshika. Chuma chenyewe hakikuyeyuka, kilichoyeyuka ni shaba peke yake. Hiyo 531 ni mabomba ya kampuni ya Reynolds ya Birmingham Uingereza, walianza kuyauza 1935, chuma kimechanganywa na manganizi na molibdenamu ndo maana wanaweza kufanya bomba jembamba na bado likabeba mtu. Jembamba kweli, unene wake haufiki milimita 1, na yale makubwa ya mbele yamenenepeshwa miishoni tu kwenye viungo, katikati yamepunguzwa kwa ndani, huo ubunifu Reynolds waliusajili tangu 1897. Sasa mtu aliyezoea geti anakuja na fimbo ya milimita 2 na nusu na mashine ameiweka ya kuchomea pembe za dirisha, sekunde mbili ameshatoboa. Na hata asipotoboa, pale pembeni ya alipochoma chuma kinakuwa kigumu na kikavu, kinakatika tena sentimita moja kutoka pale baada ya mwezi. Kubwa kuliko yote ni ile shaba ya zamani iliyobaki ndani ya kiungo, ukiyeyusha chuma juu ya shaba inaingia kwenye chuma na kukipasua, utaona nyufa mpya zinatembea kama mizizi.

Unavyoelezea wewe, panafunguka na kujifunga pale pale kwenye kiungo, inaelekea kilichoachia ni shaba, bomba lenyewe ni zima. Hii ndo habari nzuri. Kwangua rangi kidogo kwa msasa laini uangalie: ukiona ufa unafuata mstari wa rangi ya dhahabu, ni kiungo. Ukiona umekata chuma cheupe na unalizunguka bomba, hiyo ni kazi nyingine, bomba linabadilishwa. Na kama ingekuwa ufa uko bomba la chini karibu na kichwa cha foku, hapo ningekwambia shuka usipande hata kwenda dukani, kwa sababu lile likikatika huna muda wa kushika chochote.

Tafuta fundi gesi mtulivu. Mwambie asafishe kiungo mpaka chuma king'ae, apake boraksi, ule unga wa kulehemia, apashe moto mpana na mlegevu asiuchome kwa ncha ya moto, atumie shaba, au fedha ya kulehemia kama anayo maana fedha inayeyuka kwa moto mdogo zaidi na bomba haliteseki. Kabla hajawasha, fungeni ekseli ya nyuma na nati zake bila tairi bila tyubu, nafasi ya ndani iwe ile ile, kwa gia sita za nyuma mara nyingi ni milimita 126, ili masikio, yaani vile vipande vinavyoshika ekseli, yasihame. Akimaliza ASIMWAGIE MAJI. Hapa ndo mafundi wengi wanaharibu, wana haraka ya kukabidhi, wanamwagia maji ya ndoo chuma kikiwa chekundu. Aiache ipoe yenyewe kwa hewa, mkae mnywe chai.

Ikishapoa pima kwa uzi. Funga uzi sikio la kulia la nyuma, upeleke mbele uzungushe kichwa cha fremu, urudi sikio la kushoto, ukaze. Halafu chukua rula pima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana fremu imenyooka. Zikipishana sana irudishwe taratibu kwa mkono, chuma kinakubali kukunjwa kikiwa baridi, alumini haikubali.

Mkanyagaji wa Nkuhungu:

Aisee mkuu Mungu akubariki. Nimekwangua sasa hivi kwa tochi ya simu, mstari ni wa dhahabu!! Bomba ni zima kabisa. Na chuma cha siti je?

Fundi Gesi Kizota:

Hicho kisiguswe na moto kwanza. Ni alumini ndani ya chuma, hivyo viwili vikikaa pamoja na jasho lako lenye chumvi na maji ya kuoshea vinaoza na kushikana. Geuza baiskeli miguu juu, toa gololi za katikati, mimina mafuta mepesi ya kulegeza kutu kupitia pale chini yashuke ndani ya bomba la siti mpaka kwenye kile chuma. Kila jioni ongeza kidogo, wiki nzima. Halafu toa siti, bana kile chuma kwenye jiliwa, ushike fremu yote kwa mikono miwili uizungushe kushoto kulia, usiivute. Kikitoka paka grisi nyingi kabla hujakirudisha, na kila baada ya miezi michache kichomoe hata kama huna shida nacho.

Mama Kayla wa Area D:

Jamani nami nina ya chuma ila yangu ni ya Kijapani siyo 531, na nataka kuongelea tairi maana hapo ndo watu wa resi Dodoma tunalizwa. Kaka umeangalia rimu zako ni saizi gani? Baiskeli nyingi za miaka ya 70 na 80 zilikuja na rimu za inchi 27, na inchi 27 siyo sawa na 700C, saizi ya resi za siku hizi, wala siyo sawa na 28 za Phoenix. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile inayoishia na tarakimu tatu: 630 ni inchi 27, 622 ni 700C, na 635 ni hizi 28 kwa moja na nusu zilizojaa madukani Majengo. Mwenye duka aliniuzia 635 akaniambia hiyo hiyo inaingia tu, na kweli iliingia kwa urahisi, nikafurahi, nikajaza upepo, nikafika Chang'ombe tairi ikachomoka kwenye rimu tyubu ikapasuka kama bunduki. Milimita 5 tu hizo.

Mwisho nilitafuta magurudumu ya 700C ya mtumba. Rimu inakuwa ndogo kwa milimita 4 kila upande kwa hiyo raba za breki inabidi zishuke milimita 4, kwenye breki zangu nafasi ilikuwepo, pima kwanza za kwako kabla hujatoa hela. Faida ni kwamba sasa nimeweka tairi za 700 kwa 32 na zinapita bila kugusa fremu, maana hizi za chuma za zamani nyingi ziliachiwa nafasi ya madigadi. Wanaokimbia na tairi nyembamba za milimita 23 Dodoma siwaelewi kabisa, lami yetu ina mawe na pembeni kote ni mbigili. Kiangazi hiki mbigili zinakauka, upepo unazisambaza mpaka barabarani, mimi nilikuwa naziba pancha nne kwa wiki. Sasa nimekata tyubu ya zamani kwa urefu nikaitandika kati ya tairi na tyubu nzima, inaongeza uzito kidogo, pancha ni moja kwa mwezi na saa nyingine hakuna.

Kijana wa Nzuguni:

Dada hilo la 635 sikulijua, shukrani. Ila bado nauliza, chuma si kizito? Na kutu je?

Mzee wa Bahi Road:

Mwanangu uzito wa chuma watu wanauongea bila kupima. Fremu tupu ya 531 ni kama kilo 2, ya alumini inaipungua kidogo tu. Chuma kwa ujazo kina uzito karibu mara tatu ya alumini lakini pia ugumu wake ni karibu mara tatu, ndo maana bomba lake linatengenezwa jembamba na la alumini linanenepeshwa. Uzito mnaousikia ni wa zile za kubebea mkaa, zile ni chuma kingine na bomba nene.

Kutu tunayo bahati sisi wa huku. Nimekaa Dar miaka 9, baiskeli ukiilaza nje hewa ya bahari inaila mpaka njiti. Dodoma mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni vumbi tu. Kutu ya fremu inaanzia ndani, maji yanaingia kwenye bomba la siti yanakaa chini kwenye gololi. Baada ya mvua kubwa chomoa siti igeuze ichuruzike, na mara moja kwa mwaka mimina oili ndani ya mabomba uyazungushe yote yalowane, oili ya kawaida tu.

Huyu wa Nkuhungu nataka nimwambie la upepo maana anaelekea mashariki. Kuanzia Juni mpaka Septemba unavuma kutoka huko huko unakoenda, asubuhi unakupiga usoni. Shuka mikono kwenye pembe za chini za usukani, weka gia nyepesi, miguu izunguke haraka usisukume kwa nguvu. Hiyo kukanyaga gia nzito dhidi ya upepo ndo inachosha magoti, na viungo vya nyuma vya fremu nadhani navyo vinachoka. Jioni unarudishwa na upepo huo huo. Na kwenye malori Kijana wa Nzuguni hajakosea, weka kioo upande wa kulia, na ukisikia honi mbili ndefu toka kwenye lami, usishindane.

Mkanyagaji wa Nkuhungu (baada ya siku 11):

Wakuu nimerudi na majibu. Nimepata fundi wa rejeta, mzee wa makamo, nikamsomea ujumbe wa Fundi Gesi wote kwa simu akacheka akasema huyu anajua. Ameifanya kwa shaba, elfu 15. Kijana wake alikuja na kopo la maji nikalizuia kwa mkono, tukakaa kama saa nzima chini ya mwembe mpaka chuma kikapoa chenyewe. Rangi imeungua kama kiganja kizima, nimepiga brashi rangi nyeusi kwa sasa, stika ya 531 iko mbali haikuguswa.

Uzi tumepima, tofauti ya kulia na kushoto ni milimita 1, mzee akasema hiyo tuiache. Chuma cha siti kimetoka siku ya nane, jiliwa la fundi seremala jirani, kilitoa mlio nikadhani fremu imepasuka kumbe ndo kinaachia, ndani kulikuwa na unga mweupe mwingi. Rimu zangu nimesoma, ni 630 kama alivyosema Mama Kayla, kwa hiyo natafuta magurudumu ya 700C na nimepima breki, raba zinaweza kushuka mpaka milimita 7.

Leo asubuhi nimekwenda nayo Mtumba. Hakuna kwi kwi. Upepo ulikuwa mkali kuanzia Nzuguni, nikashuka kwenye pembe nikaweka gia nyepesi kama mzee alivyoelekeza, nimechelewa dakika sita tu na magoti hayaumi. Mama Kayla kama bado unamkumbuka aliyekuuzia yale magurudumu naomba uniambie ni upande gani wa soko, Jumamosi niko huru nipite.