Likizo ya Juni: Toten, Yambe na Maziwe na watoto watatu, nipange siku vipi?

MamaWatatu_Chumbageni
Wagosi, salaam. Tunataka siku tatu za likizo ya Juni tuzitumie visiwani. Si Unguja, wala si pwani za muziki; ni hivi vyetu vya mkoa wa Tanga, kama vile ambavyo watu huvitazama tu kutoka Raskazone. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 6, 9 na 13, na shangazi yao ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu ni dogo, la chini. Nimewaza Toten siku ya kwanza, Yambe ya pili, kisha Pangani na kulala Maziwe kwenye hema. Bei za boti ninazotajiwa zinapishana mno. Wenye kujua naomba mnisaidie: siku zipi, boti ya namna gani, tubebe nini?

Nahodha_Mwambani
Dada, hema la Maziwe liondoe kabla ya yote. Maziwe ya leo ni fungu la mchanga. Mivinje iliyokuwa pale ilikwisha kuanguka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo hakuna mti wala kivuli. Maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa sana, yakijaa hupita juu ya mchanga. Kule ni kwa saa chache za maji kupwa, basi.

Sasa siku. Usianze na kalenda ya ukutani, anza na mwezi wa Kiislamu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kwenye tarehe 8 na 9, kisha 22 na 23. Kwa pwani yetu ya Tanga na Pangani, siku ya mwezi mpevu au mwandamo maji hupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Ukishika hilo unaweza kukadiria mwezi mzima, kisha uhakiki kwenye jedwali la maji la bandari ya Tanga kabla ya kulipa mtu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo wageni wa Maziwe hushikwa. Gawa kina cha kupanda mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6 iliyopwa saa 4:30 asubuhi. Saa 5:30 maji yamepanda sentimita 30 tu, watu bado wanacheza mpira mchangani. Saa 6:30 ni sentimita 90. Saa 7:30 ni mita 1.8. Saa 8:30 ni mita 2.7. Angalia ile saa ya tatu na ya nne: mita 1.8 ndani ya saa mbili, kwenye mchanga ambao hauna mwinuko wa kukimbilia. Kwa hiyo kanuni ni moja, mizigo irudi botini si zaidi ya saa mbili baada ya kupwa, hata kama mchanga bado unaonekana mkubwa.

Mpangani_wa_Bweni
Nahodha amesema kweli kuhusu maji, lakini Juni kuna upepo, na upepo haumsubiri mtu amalize kuogelea. Ni kusi hiyo, upepo wa kusini. Alfajiri kuna umande, upepo mwanana unaotoka bara, na bahari huwa laini. Kuanzia saa 4 au 5 kusi inaamka, na mchana bahari ya nje inachafuka. Ukichukua siku ya bamvua kamili, kupwa ni saa 4 na nusu au saa 5, maana yake unarudi saa 6 au 7 ukiwa na watoto katikati ya mawimbi.

Kwa Juni chagua mwezi 12 au 13, ama 27 au 28, yaani tarehe za mwezi wa Kiislamu. Kupwa kutakuwa kati ya saa 2 na nusu na saa 3 na kitu asubuhi. Maji hayapwi kwa kina kile cha bamvua yenyewe, lakini mchanga unatoka wa kutosha na unarudi bahari ikiwa bado na adabu. Desemba ndipo unaweza kuchukua mwezi 15 hadi 17 bila wasiwasi mkubwa, maana kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo kwanza inaanza, haijakomaa.

Na msiondokee Pangani mjini, nendeni Ushongo, kama kilomita 15 kusini ya mto. Mdomo wa mto Pangani una kina kifupi, na maji yakitoka mtoni huku kusi ikiingia, mawimbi husimama wima palepale. Kutoka ufukweni Ushongo unakwenda moja kwa moja. Barabara ya kuingia huko ni ya udongo na mchanga. Masika ikichelewa kuisha, gari la chini linanasa, kwa hiyo piga simu siku mbili kabla kuuliza hali. Ikiwa mbaya, acha gari Pangani, vukeni mto, mkodi gari la juu upande wa Bweni.

MamaWatatu_Chumbageni
Ahsanteni sana, hilo la saa ya tatu na ya nne sikulijua kabisa. Sasa boti nitaijuaje nzuri? Na shangazi atapandaje?

FundiMashine_DeepSea
Dada, usiulize bei kwanza, omba kuiona boti ikiwa majini na mashine inawaka. Mashine ikinguruma, nyuma yake lazima utoke mchirizi wa maji wa kupoza, mwembamba lakini wenye nguvu usiokatika. Ukiona matone tu au hakuna, pampu ya maji imechoka au njia imezibwa na mchanga, na mashine hiyo itachemka njiani. Mwambie aizime na kuiwasha tena mara tatu. Inayohitaji kuvutwa mara kumi ufukweni itakataa kabisa mawimbini.

Mafuta: mashine ya nguvu za farasi 15 ya kuchanganya oili, ikikimbizwa, inakunywa kama lita 6 kwa saa. Ushongo hadi Maziwe ni dakika 40 hivi, kwa hiyo kwenda ni lita 4, kurudi lita 4, na lita 4 nyingine ni akiba isiyoguswa. Lita 12 zionekane kwa macho. Mchanganyiko ni petroli lita 50 kwa oili lita 1, yaani mililita 20 kwa kila lita. Oili ikizidi, plagi inachafuka na mashine inakohoa. Ikipungua, pistoni inakwama na hapo hakuna fundi wa baharini. Uliza pia kama ana plagi ya akiba na spana yake, pini ya pangaboi, kasia mbili au tanga, na nanga yenye kamba ndefu. Kamba iwe angalau mara tano ya kina, na hesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, maana boti iliyofungwa fupi wakati wa kupwa hung'oa nanga maji yakipanda. Nanga itupwe mchangani, kamwe isitupwe juu ya matumbawe.

Boti iwe na leseni ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na idadi ya abiria isizidi ile iliyoruhusiwa. Bei patana kwa boti nzima, si kwa kichwa. Taja mambo manne kwa mdomo, mbele ya mtu mwingine: mafuta yamo au hayamo, anasubiri saa ngapi, kiingilio cha hifadhi analipa nani, na upepo ukizuia safari fedha inarudi au siku inasogezwa. Bei zinazopishana mno aghalabu ni kwa sababu mmoja ameweka mafuta na mwingine hakuweka.

Bi_Ushongo
Kuhusu shangazi: boti haitapanda mchangani, maana maji yanaendelea kupwa na itakwama. Itasimama maji yakiwa ya kiunoni au magotini. Bebeni kigoda imara cha plastiki, kiwekwe majini ubavuni mwa boti, mtu mmoja akikishika na mwingine akimpa shangazi bega. Apande upande ambao mawimbi hayaupigi. Akiwa botini akae katikati kuelekea tezi (nyuma), si omo (mbele), kwa kuwa omo ndiko kunakorusha na kuumiza mgongo na magoti.

Jaketi za kuokolea za watoto zichaguliwe kwa uzito, si umri. Mvalishe, funga kila mkanda, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi. Ikipanda ikamfika masikioni, ni kubwa, atachomoka akianguka. Ya mtoto wa miaka 6 iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mwenye boti akisema ana za wakubwa tu, katafuteni za watoto mapema; hapo hakuna kujadiliana.

Kivuli hakipo, nasisitiza. Mwavuli wa ufukweni unapeperuka na kusi. Chukueni shuka zito au turubai la mita 3 kwa 3, miti minne na mifuko minne mitupu. Mkifika mnaijaza mchanga, mnaifukia na kufungia kamba, haing'oki. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, kwa hiyo dumu moja la lita 20 linatosha watu sita na kubaki kidogo. Chakula: chapati, samaki wa kukaanga, viazi vya kuchemsha, ndizi. Wali wa nazi usibebe, ukikaa kwenye joto unachacha kabla ya saa ya kula. Wanaotapika wapewe chai ya tangawizi na kitu kikavu kidogo nusu saa kabla, watazame upeo wa bahari, wasitazame simu.

Miguuni wavae raba au viatu vya mpira vilivyofungwa. Kwenye matumbawe kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake hukatikia ndani. Akichomwa na samaki aitwaye taa au samaki jiwe, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja au zaidi, na safari ya hospitali ianze. Ndiyo maana chupa moja ya chai iwe na maji matupu ya moto. Aliyekwaruzwa na matumbawe aoshwe kwa maji safi na sabuni mpaka vipande vyote vitoke. Kikibaki kidogo, kidonda hakifungi.

Pande nzuri za kuogelea na miwani ni magharibi ya fungu, kwa kusi upande wa kaskazini-magharibi. Mtoto wa miaka 6 abaki palipo mchanga.

Na jambo moja la moyoni: kasa walikuwa wakitaga kwa wingi Maziwe, na bado wapo wanaokuja. Kwa kuwa maji huzamisha viota, mayai huhamishiwa pwani ya Ushongo, yakaanguliwa baada ya karibu miezi miwili. Mkifika ulizeni kama kuna kiota kinachokaribia. Vifaranga wakitoka, tochi na taa za simu zizimwe, watoto wasiwashike. Waacheni watembee wenyewe hadi majini.

Mkaa_Ngamiani
Kwa Toten mambo yamegeuka. Maziwe inataka maji kupwa, Toten inataka maji yaliyojaa. Kisiwa kimezungukwa na mikoko na mwamba, maji yakipwa mnatembea kwenye tope na mawe makali, na shangazi hatafika. Ingieni saa mbili kabla ya kujaa, mtoke kabla ya saa mbili baada yake. Kwa kuwa kiko ndani ya ghuba, ng'ambo tu ya bandari, kusi ya mchana haikisumbui kama bahari ya nje. Kuna mabaki ya misikiti ya zamani na makaburi. Vichaka vimefunga, kwa hiyo suruali ndefu na mtu wa kuwaongoza. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimeoza, mtoto asipande hata moja.

Toten na Yambe zote zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009, na Maziwe ni eneo tengefu. Kote kuna kiingilio, na raia halipi sawa na mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa. Lipeni kwa namba ya malipo, mchukue risiti. Watoto wakiuliza silikanti, yule samaki wa kale, yuko wapi, waambieni anaishi chini sana, hawatamwona, lakini yuko.

Yambe ningeongeza siku nzima, ni kisiwa kikubwa na kimya.

Nahodha_Mwambani
Kwa Juni, Yambe sikubaliani nayo. Upande wake wa nje unapokea kusi yote, na sehemu nzuri za kuteremkia ndizo hutumiwa na wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi ya uvuvi; wanaanika nyavu na samaki, mkiingia kwa kishindo mnawaharibia kazi. Iwekeni Desemba, na mkifika msalimieni mkubwa wa dago kwanza.

MamaWatatu_Chumbageni
Basi nimepanga hivi. Mwezi 12 tunaondoka Tanga asubuhi, tunapita magofu ya Tongoni njiani, tunalala Ushongo. Mwezi 13 Maziwe. Mwezi 14 tunarudi Tanga, jioni Toten. Yambe mpaka Desemba. Kuna kosa?

Nahodha_Mwambani
Hakuna. Tongoni ni kama kilomita 17 kutoka mjini, makaburi ya zamani ni zaidi ya 40, nusu saa inatosha kwa shangazi. Baharini hukohuko, kwenye mafungu yanayoelekea Mtangata, ndiko Vasco da Gama alikoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499, kwa hiyo waonyesheni watoto upande huo.

Mwezi 13 kupwa ni karibu saa 3 na dakika 10. Ondokeni Ushongo saa 12 na nusu kunapokucha, mfike saa 1 na robo mchanga ukiwa unatoka, na saa 5 kamili wote wawe botini. Toten, mwezi 14, kujaa ni karibu saa 10 jioni: teremkeni saa 8 na nusu, ondokeni saa 11, mfike bandarini kabla ya magharibi. Ikiwa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, Maziwe ahirisheni, mbaki Ushongo, na Toten iwe palepale.