Naomba ushauri: ramani ya mpaka wa Moroto na Turkana haikai sawa

Wandugu habari zenu, niko huku Moroto, Uganda, nachora ramani ya njia za mifugo, kuanzia mlima Moroto, ule wa mita 3,083, kushuka upande wa Turkana, Kenya, na nchi yenyewe ni mawe, miiba na makorongo, ukifika ukingoni unaona tambarare kavu mpaka macho yanachoka. Nina ramani ya zamani ya karatasi ya 1:50,000, sasa nikiweka pointi za GPS juu yake kisima kinaangukia ng'ambo ya korongo, kama milimita 6 kwenye karatasi, yaani mita 300 nzima! Najua karatasi iko kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na simu inatumia WGS84, mfumo wa GPS, lakini nikibadilisha kwa QGIS, ile programu ya ramani, bado inakataa. Nakosea wapi? Data za SRTM, zile za miinuko ya ardhi zilizopimwa kwa rada kutoka angani, nazo pikseli moja ni mita 30, kijia cha mbuzi hakionekani kabisa.

Lingine ndilo linaniumiza zaidi. Mzee mmoja mfugaji alipiga magoti kwenye mto mkavu akachimba mchanga kwa kibuyu, urefu wa mkono hivi, maji yakatoka, na kwenye ramani pale ni peupe tu. Hayo maji ndiyo uhai wa watu na ng'ombe kiangazi chote. Niweke alama gani, niandike na miezi? Na nikiyaonyesha wazi kwa kila mtu si naweza kuleta ugomvi kati ya wafugaji wa pande mbili? Hilo linaninyima usingizi, mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.