Mjadala: Vibanda vya chai Mombasa viweke stevia mezani badala ya sukari?

Mtu wa Tudor: Kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea, chai ya maziwa yatiwa sukari ndani ya sufuria kabla hujaagiza. Mwenye kisukari hana hiari: anywe hivyo hivyo au aondoke. Hoja yangu: chai ipikwe bila sukari, mezani pawekwe stevia. Hili ni jani tamu la Paraguay, Waguarani, wenyeji wa huko, walikuwa wakilitia vinywajini karne nyingi kabla ya viwanda, na siku hizi lalimwa hata Kericho. Si kama aspatame, kitamu cha maabara. Anayepinga aje na sababu.

Kijana wa Changamwe: Si ndiyo hiyo WHO, Shirika la Afya Duniani, waliipiga marufuku? Halafu jani gani jeupe kama chumvi? Mwauziwa kemikali mwaambiwa mti shamba. Na tusidanganyane, shida si vibanda. Shida ni nyinyi Wapwani, mwanywa shira mwaiita chai.

Mpishi Kibokoni: Shira waijua wewe? Shira ni sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, iliki, ndimu matone machache isigande, yachemka mpaka ukiibana kwa vidole viwili yavuta uzi. Hiyo yavishwa kaimati, hainywewi. Na huyo Mpwani unayemcheka ndiye anayeshinda barazani na kahawa chungu bila punje ya sukari.

Kijana wa Changamwe: Na kashata na tende kando ya hiyo kahawa ni mboga?

Mkulima wa Kwale: Wa Changamwe, jeupe kwa sababu limesafishwa. Majani makavu yalowekwa maji ya moto, yale maji ya hudhurungi yachujwa, yapitishwa kwenye resini, punje maalumu zinazonasa utamu, kisha utamu watolewa kwa spiriti na kugandishwa. Miwa nayo yapitia chokaa na mitambo hadi iwe sukari nyeupe, mbona hiyo huiiti kemikali?

Anayetaka jani lenyewe apande, ila asihangaike na mbegu, nyingi hazioti. Kata kijiti cha sentimita 10, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Huku Pwani kuna mitego miwili. Maji yakituama, mizizi yaoza. Na mmea huu huchanua siku zikiwa fupi. Kwetu urefu wa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, basi wakimbilia maua ungali mdogo. Punguza ncha, na uvune kabla maua hayajafunguka, maana baada ya hapo utamu wa jani hushuka. Ukianika mwezi wa Mei kwa unyevu wa hapa, majani hugeuka meusi na kuota ukungu. Tandaza safu moja, kivulini, penye upepo.

Mtu wa Tudor: Ahsante, mzee. Kwa hivyo waniunga mkono.

Mkulima wa Kwale: Sijasema hivyo. Nimemjibu wa kemikali.

Mfamasia: Tuweke sawa habari ya WHO. Mei 2023 walishauri vitamu visivyo sukari visitumiwe kwa nia ya kudhibiti uzito. Stevia imo, aspatame imo. Si marufuku, na ushauri wenyewe hauwahusu waliokwisha kuwa na kisukari. Kiwango cha juu cha siku kilichowekwa ni miligramu 4 za steviol, kiini cha vitamu vya jani hili, kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 apata steviol miligramu 240, ambazo ni kama miligramu 720 za rebaudiosidi A, kitamu kimojawapo cha jani hili ambacho theluthi yake ndiyo steviol, yaani utamu wa vijiko 40 na zaidi vya sukari. Cha kuchunguza ni pakiti: ile ya gramu 1 karibu yote ni kijazio, dekstrosi au erithritoli, kitamu kisichopandisha sukari ya damu. Dekstrosi nayo ni glukosi, sukari ile ile ya damu. Somani nyuma.

Lakini sukari isiondolewe mezani kabisa. Anayedunga insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka mwilini. Ahitaji gramu 15, vijiko 3 au 4 vya chai ndani ya maji, papo hapo. Stevia haimfai kitu: ulimi waonja utamu, damu haipati chochote.

Mpishi Kibokoni: Vijiko 40! Unga safi wa stevia utamu wake ni mara 200 hadi 300 ya sukari, utie kijiko kimoja tu kikombeni uone kama hukunywa shubiri. Huo haupimwi kwa kijiko. Yeyusha gramu 1 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, tia kwenye chupa ya dropa, weka friji. Mililita 1.5 ni sawa na kijiko 1 cha sukari. Kwenye juisi ya ukwaju au ndimu ule uchungu wa mwisho wa stevia wafichika. Ila asije mtu hapa na kaimati za stevia.

Mama Likoni: Zapikwa, dadangu. Maji ya stevia yakolezwe kwa unga wa mahindi laini, zavishwa vizuri tu.

Mpishi Kibokoni: Huo ni uji, habibti. Shira yashika kwa sababu ni sukari tele kuliko maji, yakauka juu ya kaimati ikawa ngozi. Uji wako wapenya ndani, baada ya robo saa kaimati zalegea kama zimenyeshewa. Visheti ndiyo usithubutu. Ule weupe wake ni sukari iliyoganda ukiigeuza geuza ikipoa. Stevia itagandisha nini?

Mfamasia: Jamani, nimesema habari ya insulini.

Mama Likoni: Tumekusikia, daktari. Mpishi, na kaimati za kunyunyizia stevia tu, bila shira?

Mpishi Kibokoni: Hizo ni vitumbua vilivyopotea njia.

Mtu wa Tudor: Hoja ilikuwa chai.

Kijana wa Changamwe: Chai mpike bila sukari, nani alikataa? Mpishi, mahamri je, yatakubali?

Mpishi Kibokoni: Ya unga vikombe 4, bakisha sukari vijiko 2 vikubwa, hamira ipate chakula cha haraka na mahamri yapate rangi. Utamu uliobaki tia stevia, uyeyushe kwanza ndani ya tui vuguvugu, usiitie kavu kwenye unga, itakaa mahali pamoja. Ukiondoa sukari yote yataumuka polepole na kutoka meupe. Utadhani hayajaiva, utayaacha mafutani mpaka yakauke.