Mnato wa hewa na kuchelewa kwa altimita kwenye majaribio ya ndege

rubani_data: Wakuu, tukishuka mita 15 kwa sekunde karibu na kilomita 10, altimita (kipimo cha mwinuko kwa shinikizo la hewa) inasoma juu kuliko GPS. Bomba la statiki (linaloleta shinikizo la hewa ya nje kwenye altimita) ni mita 6, kipenyo cha ndani mm 4, ujazo wa vifaa nusu lita. Ili nipate kuchelewa kwa shinikizo bombani, mnato wa hewa nikokotoe kwa wastani wa nitrojeni na oksijeni?

mnato: Hewa kavu haihitaji hiyo. Tumia kanuni ya Sutherland, inayotoa mnato μ kutokana na halijoto T: μ = 1.458×10⁻⁶ T^1.5/(T+110.4), T kwa kelvini, μ kwa Pa·s. Kanuni ya Wilke, ya mnato wa gesi zilizochanganywa, ni ya michanganyiko kama heliamu na hewa. Huko wastani hupotosha. Kwenye Wilke weka sehemu za moli (kwa idadi ya molekuli), si za uzito.

fundi_statiki: Muda wa kuchelewa ni λ = 128μLV/(πd⁴p): L urefu wa bomba, d kipenyo chake, V ujazo wa vifaa, p shinikizo. Kwa μ 1.8×10⁻⁵ na p 26,500 Pa, λ ni sekunde 0.32, yaani mita 5 hivi za kutoa kwenye usomaji. T ni ya hewa ndani ya bomba, siyo ya nje!

rubani_data: Tofauti yangu ni mita 15.

fundi_statiki: Basi kagua bomba, mkuu. Kipenyo kikiwa mm 3, λ huzidi mara tatu. Pia GPS haipimi mwinuko wa shinikizo, ule unaosomwa na altimita. Sahihisha hilo kwanza.