Mjadala: Je, vijana wetu waanze na lugha ya programu iitwayo Lisp katika kutengeneza apu za simu?

Mleta mada, Kampala

Ndugu zangu, nafundisha utengenezaji wa apu hapa Ntinda, na kuna jambo linaniuma. Kijana anabadilisha rangi ya kitufe kimoja, halafu anakaa dakika nne akisubiri laptopu ya RAM gigabaiti 4 ijenge upya programu nzima. Apu ikifunguka imerudi mwanzo: aingize tena nywila, ajaze tena fomu, ndipo akione kitufe chake. Umeme ukikatika hapo katikati, anaanza moja.

Lisp ilibuniwa na John McCarthy mwaka 1958, na sifa yake kubwa ni kwamba unaongea na programu huku ikiendelea kufanya kazi. Mwaka 1999 wahandisi wa NASA waliichunguza kwa njia hiyo programu iliyokwama ndani ya chombo cha Deep Space 1, kikiwa mamilioni ya kilomita kutoka duniani. Leo ClojureScript, tawi la Clojure ambayo ni lugha ya ukoo wa Lisp, ikitumika juu ya React Native, zana ya kutengenezea apu za simu, inakupa uwezo huo kwenye simu iliyo mezani: unaandika upya fankisheni moja (kipande kidogo cha programu), unaituma, na fomu uliyoijaza bado imejaa. Kozi zetu zianzie hapo.

Mbarara

Mwalimu, Flutter, zana nyingine ya kutengenezea apu, nayo inaonyesha mabadiliko papo hapo, na ina kazi sokoni. Mimi sijawahi kuona tangazo la kazi hapa Uganda linalotaja Clojure. Mzazi ameuza ng'ombe alipe karo, wewe unampa mtoto lugha iliyojaa mabano?

Gulu

Mimi nimeijaribu hiyo ClojureScript. Zana zake zinataka programu mbili za kuziendesha, Java na Node, kwa pamoja, na hiyo gigabaiti 4 inahema. Bado hujazipakua kwa bando lenye ushuru wa asilimia 12.

Mleta mada

Wa Gulu, hilo la RAM nakubali bila ubishi.

Wa Mbarara, Flutter inapakia upya ulichokiandika. Mimi nasema kuihoji programu. Tulikuwa na apu ya kupimia kahawa, na jumla zake zilikuwa za ajabu: mkulima ameleta kilo 12, kisha 5, apu inasema 125. Hatukusimamisha kitu. Tuliiuliza apu yenyewe, pale pale kwenye simu, orodha ya mizani ina nini sasa hivi. Ikajibu: kilo zimehifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo zilikuwa zinabandikwa ubavuni badala ya kujumlishwa. Yule binti aliyeiandika alielewa aina za data siku hiyo, na mimi nilikuwa nimezieleza ubaoni mara tatu. Ndicho ninachokipigania, ajira nitaitafuta naye baadaye kwa lugha yoyote.

Basi nipeni wiki mbili kati ya kumi na mbili za muhula.

Mbarara

Wiki mbili, sawa. Muhula mzima nitakupinga. Na laptopu za gigabaiti 8 ananunua nani?